KONA YA MKOKO: Ni klachi au giaboksi? Usilizwe mchana kweupe

Wiki hii sina habari za redio wala rimu za kung'aa. Leo tunaingia chini ya gari, mahali ambapo vijana wengi wa mjini tunaibiwa huku tunacheka.

Sababu ya kuandika haya ni jamaa yangu mmoja. Jina lake nalihifadhi, tumuite Mzee wa Gia, maana mtaani ndivyo anavyojulikana. Mzee wa Gia ana Toyota Altezza RS200, ile yenye gia sita za mkono. Si gari la urithi hilo. Kijana kapiga ukonda wa daladala, kauza makava ya simu barabarani, kanyimwa usingizi na mgambo, na mwisho mama yake mzazi akamwongezea fedha alizokopa kwenye kikoba cha akina mama. Gari linakodishwa kwenye misafara ya harusi Jumamosi, na fedha ya Jumamosi ndiyo inayorudisha mkopo wa mama. Kwa hiyo wakati wewe unaona mkoko wa kutesea, mama anaona marejesho ya kila wiki.

Basi bwana, siku moja nikamkuta kijiweni kainamisha kichwa kama aliyefiwa. Nikamuuliza, "Vipi mshikaji, harusi imevunjika?"

Akaniambia, "Bora ingevunjika harusi. Giaboksi imekufa."

Nikamuuliza nani kasema. Akasema fundi. Fundi huyo kaendesha mita hamsini tu, kaingiza gia moja, ikasaga, krrrr, akazima gari na kutoa hukumu: giaboksi imekwisha, mpya hupati, ya mtumba bei yake ni ya kukuua. Halafu akaongeza maneno matamu, kwamba ana mteja wake anayeweza kulichukua gari hivyo hivyo lilivyo, kwa bei ambayo hata bajaji ya mtumba isingepatikana. Mteja angekuja Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Sikusema kitu kwanza. Kwa wasionijua, nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalinikataa, nikaenda kuwa dogo wa spana kwenye gereji ya mjomba wangu. Miaka mitatu nimekula grisi. Mjomba alikuwa na msemo wake mmoja: sikio kwanza, spana baadaye. Nami naufahamu ukweli wa msemo huo kwa aibu, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliwahi kushusha giaboksi ya mteja siku mbili nzima, nikatoa jasho la meno, kumbe ugonjwa ulikuwa kimpira kidogo kinachotosha kwenye kiganja. Mjomba hakunipiga. Alinipa tu ile giaboksi nikairudishe peke yangu.

Kwa hiyo nikamuuliza Mzee wa Gia swali moja: "Ukiwa kwenye mataa, umekanyaga klachi na gia iko namba moja, gari linatulia?"

Akafikiri. "Halitulii. Likikaa kidogo linaanza kunyemelea mbele lenyewe. Juzi nusura nilibusu basi."

Nikamwambia asiuze hata nati moja. Tukutane Jumapili asubuhi.

MKOKO WENYEWE

Kabla sijaendelea, tuliheshimu gari kidogo. Altezza ilitoka Japani mwaka 1998, na ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998-1999. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkononi ya bei mbaya, na zile taa zake za nyuma ziliigwa dunia nzima hadi kwenye magari yasiyostahili. RS200 ya gia za mkono ina injini ya 3S-GE ya lita mbili, yenye nguvu za farasi 210, na inasukuma kwa miguu ya nyuma. Giaboksi yake ya gia sita ilitengenezwa na Aisin, na ndugu zake wa karibu wamo ndani ya Mazda MX-5 na Nissan Silvia S15.

Lakini uzalishaji wa Altezza ulikoma 2005. Maana yake hata ile changa kuliko zote imeshavuka miaka ishirini. Mpira wa miaka ishirini ni mpira uliochoka. Na gari la michezo halijaendeshwa na mapadri, limepita kwenye miguu ya vijana kama sisi: resi za kushtua, gia za kukimbiza. Kwa hiyo ukinunua Altezza, Celica, Silvia au hata Levin ya zamani, klachi na giaboksi ndivyo vitu vya kuuliza mapema. Ninayosema leo kuhusu Altezza yanafaa kwa hao wote.

KLACHI NI KITU GANI?

Usiogope, sikupeleki chuo. Nyuma ya injini kuna sahani kubwa nzito ya chuma inaitwa flaiwili. Inazunguka muda wote injini ikiwa hai. Imefuatiwa na klachi pleti, na nyuma yake presha pleti inayoibana ile klachi pleti kwenye flaiwili. Klachi pleti ndiyo imeshika shafti inayoingia kwenye giaboksi. Zikibanana, nguvu inapita. Zikiachana, injini inazunguka kivyake na giaboksi inapumzika.

Nani anaziachanisha? Mguu wako. Ukikanyaga pedeli, masta silinda iliyo karibu na pedeli inasukuma mafuta ya breki kwenye mrija hadi kwenye silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Hiyo silinda ndogo inasukuma uma, uma unasukuma rilizi beringi, na rilizi beringi inakandamiza vidole vya springi ya presha pleti. Hapo klachi inaachia. Mnyororo huo ukikatika popote pale, utaona gia ngumu na utadhani giaboksi imekufa. Ndiyo maana watu wanalizwa.

Sasa sikia. Magonjwa ya klachi ni makundi matatu: inateleza, haiachii, au inatetemeka.

KLACHI INAYOTELEZA

Hii ni ile unakanyaga mafuta, injini inalia kama imechinjwa, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari halikimbii. Mara nyingi na harufu inakuja, harufu kali kama kitambaa kilichoungua kwa pasi.

Kuipima, tafuta barabara iliyo wazi, usifanye upuuzi huu kwenye watu. Kilima ndiyo kizuri zaidi. Kwa Dar, kile cha kupandia Mlimani kinatosha, ila nenda alfajiri. Weka gia ya juu, ya nne au ya tano, mshale ukiwa kwenye mizunguko kama 2,000, halafu kandamiza mafuta hadi chini. Klachi nzima, gari litapanda taratibu huku mshale na mwendo vikienda pamoja kama maharusi. Klachi iliyochoka, mshale utaruka mbele na kuuacha mwendo nyuma. Kwa nini gia ya juu? Kwa sababu huko injini inabebeshwa mzigo mzito bila msaada wa gia, na klachi dhaifu haina pa kujificha. Kwenye gia ya kwanza klachi mbovu inaweza kukudanganya mwezi mzima.

Kuna wale wanaopima kwa kuvuta handibreki, kuweka gia ya tatu na kuachia klachi waone kama injini itazimika. Ikizimika palepale, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, inateleza. Kipimo hicho ni cha kweli, lakini ukikirudia rudia unaichoma klachi yenyewe. Mara moja inatosha, na hakikisha hakuna mtu mbele ya gari.

Sababu za kuteleza: klachi pleti imekwisha, presha pleti imelegea, au oili imeingia. Hii ya oili ndiyo inayowaumiza wengi. Sili ya nyuma ya injini ikivuja, au ile ya mbele ya giaboksi, oili inadondokea humo ndani. Ukibadilisha klachi ukaiacha sili, umenunua klachi ya miezi michache. Mwambie fundi aikague kabla hajarudisha giaboksi juu.

KLACHI ISIYOACHIA

Hapa ndipo kesi ya Mzee wa Gia ilipokuwa. Dalili zake: gia ya kwanza inakataa gari likiwa limesimama, rivasi inasaga, na gari linanyemelea ukiwa umekanyaga klachi. Sababu ni rahisi: klachi pleti haijaachiwa kabisa, bado inazungusha shafti ya giaboksi. Unajaribu kuingiza gia kwenye kitu kinachozunguka, lazima kisage.

Kipimo cha kwanza, na hiki ukikate ukabandike ukutani: ZIMA INJINI. Gari likiwa limezimwa, kanyaga klachi, pitisha gia zote, moja hadi ya mwisho na rivasi. Kisha washa, ujaribu tena. Zikiingia laini gari likiwa limezimwa, halafu zikawa ngumu zote likiwa linanguruma, basi tuhuma ya kwanza ni klachi. Zikiwa ngumu hata likiwa limezimwa, hapo angalia mkono wa gia na viungo vyake, halafu giaboksi yenyewe. Na ikiwa gia moja tu ndiyo inayosumbua huku nyingine zote safi, klachi haina kosa. Klachi haichagui gia.

Kipimo cha pili ni cha rivasi. Gari linanguruma, umesimama. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi tano bila papara, ndipo uweke rivasi. Kwenye giaboksi nyingi za zamani rivasi haina zile pete za kulainisha gia, kwa hiyo haijui kusamehe. Kama shafti imesimama, itaingia kimya. Kama bado inazunguka, utasikia krrrr.

Kipimo cha tatu: pampu pedeli mara tatu au nne haraka haraka, halafu weka gia. Ikiingia baada ya kupampu wakati mwanzo ilikataa, ugonjwa uko kwenye mafuta: kuna upepo ndani, kuna kuvuja, au vimpira vya masta vimekwisha.

Kipimo cha nne ni macho. Fungua boneti, tazama kichupa cha mafuta ya klachi. Yamepungua? Meusi kama kahawa? Weusi huo mara nyingi ni mpira unaosagika. Kisha inama ndani, papasa juu ya pedeli ya klachi na kapeti lake. Pakiwa na unyevu wa mafuta, masta inalia machozi. Halafu shuka ubavuni mwa giaboksi, funua kidogo kimfuniko cha mpira cha ile silinda ndogo. Kukiwa na maji maji, nayo imekwisha. Mwambie mwenzako akanyage pedeli huku wewe unatazama kijiti cha silinda. Kikisogea kidogo tu wakati pedeli imefika chini, mafuta hayafiki. Kikisogea vizuri na bado klachi haiachii, basi shida iko ndani: presha pleti, uma, au ile beringi ndogo ya mwisho wa shafti ikiwa imekwama. Hapo ndipo giaboksi inastahili kushuka.

Na ukiingia chini ya gari, weka stendi. Jeki peke yake si rafiki, na matofali ndiyo kabisa. Nataka msomaji, sitaki tanzia.

KLACHI INAYOTETEMEKA

Hii unaisikia wakati wa kuondoka. Unaachia klachi taratibu, gari zima linatetemeka kama mgonjwa wa malaria, halafu likishashika linatulia. Inaweza kuwa oili kwenye klachi pleti, au flaiwili imeungua madoa ya bluu kwa resi za kibitozi. Lakini kabla ya kulaumu klachi, kagua maunti za injini na giaboksi. Mpira wa maunti ukipasuka, injini inacheza, na mtetemo wake unafanana sana na wa klachi. Maunti ni kazi ndogo kuliko kushusha giaboksi. Anza na rahisi.

SASA TUMIA MASIKIO

Kelele nazo zinaongea, kama ukijua lugha yake. Simama, weka nyutro, wengine mnaita fri. Injini ikiwa inanguruma, usiguse klachi. Unasikia mlio wa kukoroma? Sasa kanyaga klachi. Mlio ukipotea, wa kutuhumiwa ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi, kwa sababu ulipokanyaga umeisimamisha hiyo shafti. Kinyume chake, kama kulikuwa kimya na mlio ukaanza pale ulipokanyaga, mshtakiwa ni rilizi beringi. Huyo hana kazi mpaka akanyagwe.

Ukiwa barabarani, mlio wa kulia kama mbu unaobadilika na mwendo kwenye karibu kila gia ni wa beringi za ndani ya giaboksi, au oili imepungua. Ukilia kwenye gia moja tu, meno ya gia hiyo yameliwa. Na ukilia sawasawa hata ukiweka fri gari likiwa linaserereka, acha giaboksi, nenda kwenye difu na beringi za miguu.

Ule mgongo wa "ko!" unapoachia na kukanyaga mafuta, usikimbilie giaboksi. Kwa gari la kusukuma nyuma kama Altezza, kagua kwanza viungo vya shafti ndefu ya katikati na maunti za difu.

GIABOKSI IKIUGUA KWELI

Sitaki uondoke hapa ukidhani kila kitu ni kimpira. Giaboksi zinakufa, na za magari ya michezo zinakufa zaidi.

Ya kwanza ni kusaga kwenye gia moja, mara nyingi ya pili au ya tatu, hasa ukibadili kwa haraka na mizunguko iko juu. Ndani yake kuna pete, nyingi zao za shaba, ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Mafundi wanaziita sinkronaiza. Pete zikilika, gia zinakutana bila kusalimiana. Kuthibitisha, badili taratibu sana. Au piga klachi mbili: kanyaga, toa gia, achia klachi ukiwa fri, kanyaga tena, weka gia. Ikiingia laini kwa njia hiyo na kusaga kwa njia ya kawaida, pete ndizo zimekwisha.

Ya pili ni gia kuchomoka yenyewe. Tafuta mteremko mpole usio na watu, weka gia, kanyaga mafuta kidogo kisha achia ghafla, rudia kwa kila gia. Ikiruka kwenda fri, kuna meno yaliyolika, uma wa gia uliopinda, au maunti iliyokufa inayovuta mkono wa gia. Gari la namna hiyo usilipeleke mlimani. Siku likichomoka Kitonga utakumbuka maneno yangu.

Ya tatu ni gia ngumu asubuhi zinazolainika gari likipata moto. Hiyo mara nyingi ni oili: imezeeka, imepungua, au mtu kaweka isiyo yake. Kuna oili za difu ambazo dawa zake hazipatani na shaba za baadhi ya giaboksi. Fuata kitabu cha gari, usifuate "hii inaingia zote".

Ukitaka kuichungulia giaboksi bila kuifungua, mwaga oili. Ila kuna siri: fungua kwanza nati ya kujazia, ya juu, ndipo ufungue ya chini. Ukianza na ya chini, halafu ya juu ikagoma kwa kutu, una gari lisilo na oili na huna pa kuijazia. Nimeliona hilo kwa macho yangu, mwenye gari akalala gereji. Oili ikitoka, isugue kati ya vidole karibu na mwanga. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida wa uzee. Vumbi linalometa kama dhahabu ni shaba ya zile pete. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihesabu ni msiba, anza kuchanga.

JUMAPILI YENYEWE

Turudi kwa Mzee wa Gia. Jumapili saa moja asubuhi nikafika kwao. Mama yake kakaa barazani na daftari la kikoba mapajani, hasemi kitu, anatazama tu. Nawaambieni, hakuna mtihani wa kidato cha nne unaotisha kama macho yale.

Nikazima gari, nikapitisha gia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, rivasi. Laini kama siagi ya juani. Nikawasha. Ya kwanza ikakataa. Rivasi ikasaga. Nikapampu pedeli mara nne, ya kwanza ikaingia. Nikatulia nimekanyaga, nikahesabu. Nilipofika kumi na mbili, gari likaanza kunyemelea. Nikazima, nikaingiza mkono juu ya pedeli, ukatoka umelowa. Kichupani mafuta yamebaki kisoda.

Mama akauliza kutoka barazani, "Mwanangu, imekufa?"

Nikamjibu, "Haijafa mama. Ina kiu."

Jumatatu asubuhi, badala ya kumngoja mteja, tulikwenda Kariakoo tukanunua masta silinda. Tukabadilisha, tukajaza mafuta ya breki mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, tukatoa upepo mpaka povu likaisha. Na hapo nitoe onyo: usijaze oili ya injini kwenye kichupa hicho hata kama umekwama porini. Vimpira vitavimba na utanunua kila kitu upya. Rangi ya gari nayo, ukidondoshea mafuta ya breki inabanduka, mwagia maji haraka.

Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Yule fundi alipiga simu saa nane kuuliza kama gari bado lipo, mteja kafika. Mzee wa Gia akamwambia lipo, linakwenda kuoshwa.

Lakini mimi si mtu wa kuficha. Tulipolipandisha Mlimani, klachi ilishika vizuri kabisa, haikuteleza. Gia ya tatu, ukiibadili kwa pupa, inakwaruza kidogo. Nikapiga klachi mbili, ikaingia kimya. Kwa hiyo pete ya gia ya tatu imeanza kuchoka, na siku moja itadai fedha. Nikamwambia ukweli huo mbele ya mama: gari linafanya kazi, ila weka akiba kidogo kila Jumamosi, na ya tatu uibadili kistaarabu kama unayemwamkia mkwe. Mama akafungua daftari akaandika. Nadhani aliandika "gia".

KABLA HUJATOA FEDHA

Kwa ninyi mnaotaka kununua mkoko wa namna hii, mambo ni machache. Fika gari likiwa la baridi, usikubali kulikuta limeshapashwa moto. Pitisha gia limezimwa, kisha limewashwa. Sikiliza ukiwa fri, klachi juu na klachi chini. Panda kilima kwa gia ya juu. Shuka mteremko ukiachia mafuta. Muuzaji akikukataza hata kimoja kati ya hivyo, mshukuru, kakuokolea muda.

Ikibidi giaboksi ishuke, usibadili kitu kimoja kimoja. Klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi vinunuliwe pamoja, flaiwili ikaguliwe na kusawazishwa ikibidi. Kazi kubwa ni kushusha, na hutaki kuilipa mara mbili. Vifaa vya zamani mwambie fundi akukabidhi, uvione kwa macho yako.

Na ukishatengeneza, tunza. Ondoa mguu kwenye klachi ukiwa kwenye mwendo, pale si pa kupumzishia kiatu. Kwenye foleni ya kilimani shikilia gari kwa breki, si kwa klachi. Ukisimama kwenye mataa muda mrefu, weka fri. Mkono nao usilale juu ya gia kama umeshika bega la mrembo, unasukuma uma wa ndani na kuulisha bure.

Jumamosi iliyopita nimeiona ile Altezza ikiongoza msafara wa harusi, maua kwenye boneti, Mzee wa Gia kavaa miwani. Alipofika kwenye mataa akanionyesha dole gumba kupitia dirishani. Gari lilikuwa limetulia tuli.

Wiki ijayo tutaongea breki, kwa sababu kwenda mbio ni ujanja, lakini kusimama ni uhai. Mwenye swali aniandikie kupitia gazeti hili. Tchao!